Ndege Hii Hairuki Leo

Hotuba kwa vijana wa ufundi, walimu na wazazi, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Walimu, mafundi, vijana, na wazazi mliofuatana nao, asalaam aleikum. Ahsanteni kwa kuja.

Najua wengi mmekuja mkitarajia kuiona ndege hii ya mfano, inayoongozwa kwa rimoti, ikiwa juu kabla ya magharibi. Nalisema mapema ili tusivunjane moyo baadaye: leo hairuki. Imeshaungwa, betri imejaa, na uwanja tunao. Lakini upepo wa kusi umeshaanza kuinamisha minazi, na huko nje watoto wamejaa. Ndege ambayo haijawahi kuruka hairushwi mbele ya umati. Safari yake ya kwanza ni ya kuihoji, na anayeihoji mashine hahitaji makofi. Anahitaji utulivu, mwenzake mmoja wa kumwangalizia saa na upepo, na uhuru wa kusema "natua sasa hivi" bila mtu kumzomea.

Basi tuyazungumze hayo maswali yenyewe. Mengi yanajibika hapa mezani, ndege ikiwa imetulia, mahali ambapo kasoro humalizwa kwa bisibisi. Machache hayajibiki mpaka iwe hewani. Ninachokiamini, na ndicho kilichonileta mbele yenu, ni kwamba kijana asipeleke hewani swali hata moja ambalo meza ingeweza kulijibu.

Hii mnayoiona imeigizwa kwa udogo kutoka kwa ndege za porini, zile ndege zinazotua kwenye majani, kwenye kokoto au kwenye mchanga wa mtoni. Zilikomazwa Alaska na Kanada, nchi pana zenye vijiji visivyofikiwa na barabara. Piper Super Cub ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1949, na mpaka leo marubani wa Alaska wanaitunza kwa mapenzi makubwa. Kampuni ya de Havilland Canada, kabla ya kuchora ndege yake ya Beaver, iliwauliza marubani wa porini wenyewe wanataka chombo cha namna gani. Beaver ikaruka mara ya kwanza mwaka 1947, na zikaundwa zaidi ya 1,600. Nawaheshimu sana wahandisi wale kwa jambo hilo: walimsikiliza mtumiaji kabla hawajashika kalamu.

Sisi nasi si wageni wa ndege hizi. Caravan, zile ndege ndogo za abiria zinazopaa kutoka kiwanja chetu kuelekea Pemba na Unguja zina bawa la juu na magurudumu yasiyokunjwa, na ndege za aina hiyo hiyo hushusha wageni kwenye viwanja vya udongo vya hifadhi zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kwa Dornier Do 27, ndege ya bawa la juu iliyopakwa milia ya pundamilia. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, na Michael akafariki. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nawakumbusha habari hiyo kwa heshima ya marehemu, na pia kwa sababu anga letu lina mwewe na kunguru wengi. Mwewe humfukuza mgeni mwenye mabawa, hata akiwa wa foamu. Ukimwona anazunguka juu ya uwanja, subiri aondoke.

Tazameni umbo lake. Bawa liko juu ya mwili, kwa hiyo vichaka hupita chini yake. Magurudumu mawili makubwa yako mbele na kigurudumu kimoja kidogo mkiani, hivyo ndege ikiwa chini pua yake inatazama juu na pangaboi linakaa mbali na mawe. Huku nyuma ya bawa, karibu na mwili, kuna flapu: zikishushwa, bawa linaweza kubeba kwa mwendo mdogo zaidi. Karibu na ncha kuna eleroni, zinazoilaza ndege kulia au kushoto. Mkiani kuna usukani uliosimama, na elevata iliyolala, ambayo hupandisha na kushusha pua.

Sasa namba, maana bila namba tutabaki kubahatisha. Bawa hili lina mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sentimita 25. Ndege nzima pamoja na betri ina kilo 1.7. Ukipiga hesabu ya eneo la bawa na uzito huo, unakuta kwamba mwendo ukishuka chini ya mita 8 hivi kwa sekunde, yaani karibu kilomita 29 kwa saa, bawa linaachia. Hewa iliyokuwa ikilifuata vizuri upande wa juu inabanduka, na bawa halibebi tena. Flapu zikiwa chini, kiwango hicho hushuka mpaka kama mita 7. Upepo wa kusi wa alasiri hapa pwani unaweza kufika hapo hapo. Ndege inayokwenda mita 8 ikikabili upepo wa mita 8 inasimama palepale angani. Ikigeuka ikaupa upepo mgongo, inakimbia mita 16 kwa sekunde kuelekea minazini. Mtu anayejifunza hana mikono ya kulimudu hilo, na hata mzoefu hawezi kujua kama ndege inayumba kwa ubovu wake au kwa upepo. Jibu linachafuka. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukataa kwangu leo.

Kuunga kwenyewe nitakupitia haraka, kwa kuwa ndege nyingi za siku hizi zinakuja na vipande vilivyokwisha kukatwa. Mabawa mawili huunganishwa kwa bomba la kaboni, mkia hufungwa kwa skrubu au gundi, magurudumu huchomekwa. Gundi ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha kutupwa: ile gundi ya kukauka papo hapo huila foamu nyeupe ya maboksi ya samaki, ingawa foamu ngumu ya ndege hii inaivumilia. Nguzo hizi za kushikilia bawa, ulizeni kama ni za kazi au ni za pambo. Katika baadhi ya mifano ndizo zinazobeba mzigo, na mtu akiziacha nyumbani kwa haraka, bawa linaweza kukunjika juu.

Ila kuna jambo moja la kuunga ambalo sitalipita haraka, nalo ni unyoofu. Chukua uzi wa katani, Tanga hatuukosi. Pima kutoka ncha ya bawa la kulia hadi ncha ya mkia wa kulia, kisha pima kushoto. Vipimo visipolingana, mkia umekaa upande. Halafu rudi nyuma hatua kadhaa, chuchumaa, tazama kama mkia uliolala uko sambamba na bawa. Mkia uliopinda utakulazimisha kushikilia usukani safari nzima, na utadhani una upepo wa ubavuni kumbe una ndege iliyopinda. Lakini mkiona mota imeelekezwa kidogo kulia na kidogo chini, msiinyooshe. Imewekwa hivyo makusudi, kwa digrii mbili tatu, kwa sababu mzunguko wa pangaboi huivuta pua kushoto na nguvu ya mota huinyanyua.

Binti aliyekaa hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza, kwa nini pangaboi limeandikwa 12x6. Swali zuri sana. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani sentimita 30 hivi. Ya pili ni hatua: pangaboi likizunguka mara moja bila kuteleza kwenye hewa, lingesonga mbele inchi 6. Ndege ya porini hupewa kipenyo kikubwa na hatua fupi, kwa kuwa inataka mvuto mkubwa kwa mwendo mdogo. Ya mashindano ya kasi hupewa kinyume chake. Ukibadili pangaboi ukaweka kubwa kuliko mota inavyostahili, umeme unaovutwa unapanda, na kinachoungua kwanza mara nyingi ni kidhibiti cha mota.

Tuje kwenye mizani, na hapa naomba mnivumilie nikae. Kila ndege ina mahali pake pa mizani, pale ambapo ukiinyanyua kwa vidole viwili chini ya bawa inakaa sawa, pua na mkia. Kwa ndege za umbo hili, mahali hapo huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa letu lina sentimita 25, kwa hiyo tunazungumzia sentimita 6 na robo mpaka 8 na kidogo. Kitabu cha ndege kikitaja kipimo, kifuate. Na kwa safari ya kwanza, egemea mbele. Mimi nimeiweka hii kwenye 7.

Ndege yenye pua nzito ni mvivu: inataka mwendo zaidi, inatua kwa kishindo, lakini inakusikiliza. Ndege yenye mkia mzito haikusikilizi. Unagusa elevata kidogo, pua inaruka juu, unarudisha, inatumbukia. Wazee wetu wa baharini hapa wanajua ngalawa iliyopakiwa mzigo wote shetri inavyokataa kushika njia. Tofauti ni kwamba ngalawa itakupa muda wa kusogeza magunia, na angani muda huo hakuna.

Dawa yake ni betri, kwa sababu ndicho kitu kizito kinachosogezeka. Betri hii ina gramu 250. Nikiisogeza mbele sentimita 3, mizani ya ndege nzima husogea karibu milimita 4 na nusu. Hesabu ni rahisi: zidisha gramu za betri kwa umbali, kisha gawa kwa gramu za ndege nzima. Vijana, fanyeni hesabu hiyo kwa mikono yenu kabla ya kukimbilia kugandisha vipande vya risasi puani, maana kila gramu unayoongeza inapandisha mwendo wa kutua. Mkishapata mahali pa betri, chora mstari kwa kalamu ndani ya tumbo la ndege, na ifunge kwa mkanda ili isirudi nyuma wakati wa kupanda. Pimeni pia ubavuni: shikilia kitovu cha pangaboi na mkia, utazame bawa lipi linashuka. Kwenye bawa jepesi bandika sarafu ndogo nchani.

Baada ya mizani ni viungo vya uongozi. Kabla ya chochote, ondoa pangaboi. Nasema tena, ondoa pangaboi. Mota ya umeme haina mlio wa kukuonya, na pangaboi la inchi 12 hukata nyama mpaka mfupa. Washa rimoti kwanza, ndipo uchomeke betri ya ndege. Sevo, hivi vimota vidogo vinavyosukuma usukani na vipande vingine, zijipange katikati zenyewe, ndipo ufunge mikono yake ikiwa wima na vipande vyote vikiwa sawa na bawa.

Kisha simama nyuma ya ndege, macho yatazame inakotazama. Sukuma kijiti kulia: eleroni ya kulia lazima ipande juu na ya kushoto ishuke. Vuta kijiti upande wako: elevata lazima ipande. Usukani kulia: ubao wake ulalie kulia. Fanya hivyo kwa kusema kwa sauti, na mwenzako aitikie anachokiona kwa macho yake. Eleroni zilizogeuzwa ndizo zinazovunja ndege nyingi katika sekunde za kwanza, kwa sababu ndege inalala kushoto, wewe unasukuma kulia, nayo inazidi kulala. Mtu anayekagua peke yake kwa haraka huona kipande kinacheza akaridhika. Kucheza hakutoshi. Kicheze upande gani?

Mkishamaliza hapo, vuta kila bawaba kwa vidole. Kagua vibano vya zile nyaya ngumu zinazounganisha sevo na vipande hivyo, kila kimoja kiwe na kipete chake cha mpira. Punguza ukali wa vijiti kwenye rimoti: kwa safari ya kwanza vipande vikicheza theluthi mbili ya kawaida yao inatosha. Na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi, tazameni plagi za umeme. Zikiwa na weupe au ukijani, zisafishwe au zibadilishwe. Mota iliyokaa wiki karibu na bahari izungushwe kwa mkono usikilize kama beringi inakwaruza.

Rimoti nyingi za sasa hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Zina njia ya kupunguza nguvu kwa ajili ya majaribio: unaiwasha, unarudi nyuma kama hatua 30, na mwenzako ameishika ndege anatazama kama sevo zinaitikia bila kusita. Kisha jaribio ambalo wengi hulisahau. Pangaboi likiwa bado limeondolewa, wezesha mota polepole, halafu zima rimoti kabisa. Mota lazima isimame yenyewe. Isiposimama, resiva, yaani kipokezi cha mawimbi kilicho ndani ya ndege, haijafundishwa la kufanya ikipoteza mawasiliano, na ndege hiyo siku ikipotea itapotea ikiwa na nguvu zote.

Betri hii ya litiamu ina vyumba vitatu. Kila chumba kikijaa huwa na volti 4.2, jumla 12.6. Kisishushwe chini ya 3.5 ukiwa angani, na kikikaa kabatini kikae kwenye 3.8. Hii ni ya miliampea 3,200, basi chaji kwa ampea 3.2, si zaidi, kwenye sakafu ya saruji, ndani ya chungu, na ndoo ya mchanga karibu. Wazazi, hili nawaambia ninyi zaidi: betri isichajiwe mtu akiwa amelala, wala isiachwe ndani ya gari juani. Joto la Tanga linatosha kuiharibu. Betri iliyovimba imekwisha, haijalishi ilinunuliwa kwa shilingi ngapi.

Sasa meza imemaliza kazi yake. Tunakwenda uwanjani.

Saa yake ni mapema asubuhi, jua likiwa limechomoza tu. Wavuvi watawaambia kwa nini: wakati huo upepo wa baharini haujaamka, na siku nyingi kinachovuma ni umande, upepo mwepesi wa kutoka bara. Ndege hupaa na kutua ikielekea joshini, uso kwa uso na upepo. Umande ukitoka bara, ndege itaelekea magharibi, na jua lote litakuwa mgongoni mwako. Nausifu mpangilio huo kila ninapousimamia. Ifikapo saa tatu nne asubuhi upepo wa bahari umeingia, na tumeshafungasha.

Uwanja uwe mpana, majani mafupi, bila nyaya za umeme, bila minazi upande ambao ndege itapandia, na uwe mbali na kiwanja cha ndege. Nchi yetu ina kanuni za vyombo vya anga vinavyoongozwa kutoka chini, za mwaka 2018, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kabla hujanunua, na hakika kabla hujarusha, uliza kwao unatakiwa kufanya nini, kisha zungumza na serikali ya mtaa na mwenye shamba. Caravan ya Pemba imebeba watu. Hakuna mchezo wala somo linalostahili kukaribia njia yake.

Rubani asimame mahali pamoja, na wote waliokuja wakae nyuma yake. Ndege haipiti nyuma ya mstari huo hata mara moja.

Kwanza iendeshwe chini. Elevata ivutwe ili mkia ubaki umekaa, na utembee nayo taratibu kulia na kushoto. Ndege yenye gurudumu la mkia hupenda kujizungusha yenyewe ikienda kasi chini, maana uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo usukani ucheze kidogo kidogo na mapema. Ukiona inavutwa upande mmoja, simama, rekebisha kigurudumu.

Kupaa: flapu zibaki juu. Ongeza nguvu polepole, si kwa pigo moja. Pua itataka kwenda kushoto. Mpe usukani wa kulia kiasi. Mkia utanyanyuka wenyewe, ndege itakimbia kwa magurudumu ya mbele, na hapo legeza elevata uiache ichukue mwendo. Ndege hii ina nguvu ya kutosha kuruka baada ya mita chache tu, na hicho ndicho kishawishi. Ikinyanyuka mapema kabla ya kupata mwendo wake, iko karibu sana na zile mita 8, na iko chini mno kusamehewa. Iache ikimbie. Ikishanyanyuka, panda kwa pembe ya chini, mabawa sawa, bila kugeuka mpaka uvuke urefu wa minazi.

Kwenye mita 40 au 50, punguza nguvu mpaka nusu, ukae ukiitazama. Hapa ndipo swali la kwanza la hewani linaulizwa: ukiiachia, inakwenda wapi? Ikipandisha pua, mwenzako abonyeze trimu ya elevata, yaani kitufe cha marekebisho madogo kwenye rimoti, chini kidogo kidogo mpaka itulie. Ikilala kushoto, trimu ya eleroni. Msikimbilie kufanya mengine kabla hili halijakaa sawa. Katika kona, bawa refu la juu huwa na tabia moja: ukitoa eleroni peke yake, pua husita au hata kwenda upande usioutaka, kwa kuwa eleroni iliyoshuka inavuta hewa zaidi. Changanya usukani kidogo upande ule ule wa kona, na utaiona inageuka kwa ulaini unaopendeza macho. Ikija kuelekea kwako, kulia kwake ni kushoto kwako. Kanuni ya kukuokoa ni kusukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka.

Swali la pili: inaachia vipi? Ukiwa bado juu, ukielekea joshini, punguza nguvu kabisa na uvute elevata taratibu, pua ikiwa imenyanyuka kidogo tu. Itapungua, itakuwa nzito mkononi, kisha itaachia. Ama itainamisha pua mbele kwa upole, mabawa yakiwa sawa, ama itaangusha bawa moja. Wala usiogope. Legeza elevata, ongeza nguvu, inyooshe kwa usukani, na itakuwa imeruka tena. Angalia ni bawa gani limeanguka na umepoteza kimo kiasi gani. Rubani ambaye hajaliona jambo hili juu ataliona chini wakati wa kutua, na huko hakuna nafasi. Kwangu mimi hili ndilo jibu la thamani kuliko yote ya siku hiyo.

La tatu ni flapu. Shusha nusu, ukiwa juu. Pua itanyanyuka na ndege itapanda yenyewe kwa muda. Kumbuka inahitaji elevata kiasi gani kuituliza, ili baadaye rimoti ipangwe kuitoa yenyewe kila flapu zikishuka. Ukizirudisha, zirudishe polepole, kwa kuwa bawa linapoteza ubebaji wake mara moja na ndege huzama.

Saa ya mwenzako iwe imewekwa dakika 5. Betri ingeweza kufika 8, lakini zile 3 ni za kurudia kutua mara mbili au tatu. Tua kwa flapu nusu au bila, pita kwanza juu ya uwanja kama unayetua kisha uondoke, uone mstari wako. Katika kushuka, nguvu ya mota ndiyo inayoamua unashuka haraka kiasi gani, na elevata ndiyo inayoamua mwendo. Wengi hufanya kinyume: wakiona ndege haitaufikia uwanja huvuta elevata, mwendo unaisha, bawa linaachia. Ongeza nguvu kidogo badala yake. Usipoipenda njia yako, ondoka mapema, mabawa sawa, nguvu taratibu. Magurudumu yakigusa, elevata ibaki imevutwa na usukani usilale mpaka ndege isimame kabisa.

Na hapo kila kijana atataka kuipandisha tena palepale, damu imechemka. Subiri. Chomoa betri ya ndege kwanza, ndipo uzime rimoti. Gusa mota, gusa kidhibiti chake, gusa betri: vuguvugu ni sawa, chochote usichoweza kukishikilia kwa sekunde tano kina tatizo. Pima volti za kila chumba, zilingane. Kagua bolti za magurudumu, bawaba, na kitako cha mota. Marekebisho ya trimu yaliyotumika angani yahamishwe kwenye nyaya za sevo, trimu zirudi katikati. Kisha andika kwenye daftari: upepo, mahali pa betri, trimu ngapi na upande gani, bawa lililoanguka, dakika, volti zilizobaki. Safari inayofuata, badilisha kitu kimoja tu. Ukisogeza betri na ukabadili pangaboi siku hiyo hiyo, hutajua kipi kimeleta nini.

Meza iko wazi. Betri nimeichomoa na pangaboi nimelitoa, kwa hiyo mnaweza kugusa kila kitu. Uzi wa katani uko hapa pembeni. Anzeni kwa kupima mkia, na mje na vipimo vyenu.